Asiye na Subira Akapike Kwake

"Kitabu kipo!"

"Kipo wapi?"

"Kipo! Nakwambia kipo, Profesa, usinikate..."

"Sikukati, nakuuliza kipo wa..."

"Kipo kwenye marejeo yako mwenyewe! Ukurasa wa mia tatu na tisini, mstari wa nne kutoka chini!"

"Marejeo ni marejeo, Bwana Mbwilo, na kabati ni kabati! Mimi nimenukuu, sijasema nimekiweka kwenye..."

"Kwa hiyo hujakisoma?"

"Nani hajakisoma? Nimekisoma mara mbili! Kwa kina!"

"Kina rangi gani?"

Profesa Kinguru akakuna shingo, kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe mbele ya mkewe.

"Chekundu," akasema.

"Changu cha kijani."

"Hilo toleo la pili."

"Hakuna toleo la pili!"

"Basi hicho chako ndiyo feki!"

Katikati yao, kwenye stuli ya plastiki, alikuwa amekaa Sikudhani Malale na tasnifu yake mapajani. Aliwasikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani: sauti inakufikia, ila taarifa haikuhusu. Na ugomvi wote ule ulikuwa unamhusu yeye. Sikudhani alikuwa na miaka arobaini na moja, na kumi na moja kati ya hiyo alikuwa ameitumia kutafuta shahada ya uzamivu. Leo ilikuwa Jumanne. Ijumaa saa sita mchana mwaka wake wa kumi na moja ungeisha, na kwa sheria za nchi ile, anayegusa mwaka wa kumi na mbili bila kutetea tasnifu yake hatetei tena. Anapewa koti la kaki, kitambulisho kilichoandikwa "Mtahiniwa wa Kudumu", na nafasi kwenye benchi refu lililo kwenye korido ya utawala. Kwenye benchi lile walishakaa watu kumi na wanne. Wa kumi na tano alikuwa ameshapimiwa nafasi yake kwa chaki.

*

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina bendera, ina Wizara ya Uzamivu. Nchi nyingine zinachimba madini, nyingine zinalima kahawa. Hii, baada ya semina ya siku tatu, ilikata shauri kuendelea kwa kuzalisha madaktari. Siyo wa kutibu. Wale wa kuandika. Wa kutibu walikuwa wawili na walitosha, maana wagonjwa wengi walishachoka foleni wakapona wenyewe.

Sasa nchi ikishakuwa na madaktari wengi, lazima ijue nani mkubwa. Ndipo serikali ikatoa orodha ya Waandishi Saba Wenye Ushawishi katika Elimu ya Uzamivu, ikachapwa kwenye gazeti la serikali, na sheria ikapita kwamba tasnifu yoyote isiyowanukuu wote saba ni karatasi ya kufungia maandazi. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Nukuu, ambaye ndiye huyu Bwana Mbwilo mwenye rula mfukoni, anahesabu nani amenukuliwa zaidi ili orodha iwe ya haki. Na kila mwaka, kwa mshangao mkubwa, wanatokea wale wale saba. Redio ya taifa inawapongeza kwa kutetea nafasi zao. Wote saba ni marehemu.

Wa kwanza kwenye orodha, tangu orodha iwe orodha, ni Tundwe. Tundwe wa 1974. Hakuna mtoto wa shule asiyejua nadharia yake, kwa sababu imeandikwa kwenye noti, kwenye mihuri na nyuma ya tiketi za basi: Asiye na subira akapike kwake (Tundwe, 1974).

Wasomi waliyachambua maneno hayo mpaka yakabaki mifupa. Shule moja ya fikra ilisema "kupika" ni uzalishaji wa maarifa. Shule ya pili ikasema hapana, ni mchakato wa ndani wa mtafiti, ndiyo maana ikatumika "kwake". Shule hizi mbili hazisalimiani mpaka leo, na kuna ndoa imevunjika. Wizara, yenyewe, iliichukua nadharia kwa vitendo. Kwanza ikapandisha muda wa uzamivu kutoka miaka minne hadi kumi na moja ili subira ipatikane. Halafu ikapiga marufuku majiko ya umeme kwenye mabweni, maana wapo waliokuwa wanapika hapo hapo chuoni wakati Tundwe kasema kwake. Hata ukienda kuchukua cheti cha kuzaliwa, karani anakuuliza, "Umekuja kwa mujibu wa nani?" Unasema, "Tundwe, 1974." Anakuandikia. Usiposema, unarudi mwisho wa foleni.

Kwa hiyo kila mtu alikuwa amemnukuu Tundwe. Sikudhani peke yake ndiye aliyefanya kosa. Alikwenda kumtafuta.

*

Ilikuwa mwaka wa tisa. Mada ya tasnifu yake ilikuwa "Maandiko Yenye Ushawishi katika Elimu ya Uzamivu: Nani Anamnukuu Nani, na kwa Nini". Mada alipewa, yeye alikuwa anataka kuandika kuhusu mbegu za kunde. Basi siku hiyo akaingia maktaba akasema, "Naomba kitabu cha Tundwe." Mkutubi akashtuka. Maktaba ilikuwa inafunguliwa kila asubuhi na kufungwa kila jioni kwa miaka mingi bila tatizo lolote, na sasa mtu ameingia.

Walitafuta miezi minane. Kitabu hakikuonekana, wala makala, wala kijitabu. Sikudhani akarudi akaandika kwa uaminifu, chini ya ukurasa wa tisini na tatu, tanbihi ya sitini na moja: "Tundwe (1974) hakipatikani. Nimetafuta."

Tanbihi ile ilikaa pale miaka miwili na hakuna aliyeiona, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasoma. Profesa Kinguru alikuwa msimamizi wake kwa miaka yote kumi na moja, na katika miaka hiyo alikuwa amemwambia mambo matatu tu: "Ongeza marejeo", "Rekebisha pambizo", na "Nipo safarini". Mwaka wa sita Sikudhani aliingiwa na ushetani kidogo, wa mwisho mwisho aliokuwa nao. Akachukua kichwa cha habari "Mbinu za Utafiti", chini yake, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akaandika namna ya kupika maandazi: unga kilo moja, tui la nazi, iliki, hamira vijiko vitatu. Mwishoni akaweka (Tundwe, 1974). Sura ikarudi baada ya miezi saba na wino mwekundu pembeni: "Mbinu madhubuti. Ongeza marejeo."

Alitaka kucheka siku ile. Akasubiri kicheko, hakikuja. Tangu hapo mambo mengi yalikuwa yanakuja mpaka mlangoni yanarudi. Mama yake alimshonea joho mwaka wa tatu, jeusi lenye utepe wa dhahabu, akasema, "Nitakuvalisha kwa mikono yangu hii." Mwaka wa saba mama akafariki. Sikudhani hakulia sana. Alikuwa na marekebisho ya kurudisha Jumatatu. Joho alilining'iniza dirishani, maana pazia lilikuwa limechanika, na siku hizi akiamka analiona linazuia jua vizuri tu.

Tanbihi iligundulika wiki iliyopita, na siyo kwa kusomwa. Bwana Mbwilo alikuwa anahesabu. Vidole vyake vilipita, moja, mbili, tatu Tundwe, nne Tundwe, vikagonga neno "hakipatikani", vikasimama.

*

"Naweza kuifuta," Sikudhani akasema.

Wote wawili waligeuka kama stuli ndiyo iliyosema.

"Kuifuta nini?" Bwana Mbwilo akauliza.

"Hiyo tanbihi. Naifuta, mnanipa tarehe ya utetezi, yanaisha."

"Binti yangu." Bwana Mbwilo akatoa rula mfukoni, akaipiga piga kiganjani. "Nukuu ikishahesabiwa imehesabiwa. Mheshimiwa Waziri ameshasoma bungeni idadi ya nukuu za taifa. Tundwe peke yake elfu arobaini na moja, mia tatu na sita. Hiyo sita ni wewe. Nikiitoa, Waziri kasema uongo. Unataka Waziri awe kasema uongo?"

"Hapana."

"Na nikiiacha, kuna maandishi ya serikali yanasema namba moja wetu hakipatikani. Unaona ulivyonifanya?"

"Naona."

"Basi lete kitabu. Ijumaa, kabla ya saa sita. Ukikileta, utatetea. Usipokileta, tanbihi itakuwa imeandikwa na Mtahiniwa wa Kudumu, na hao kisheria maandishi yao hayahesabiki kama maandishi."

"Prof," Sikudhani akamgeukia msimamizi wake. "Wewe si unacho? Chekundu?"

Profesa Kinguru akaangalia saa. Kisha akaangalia saa ya ukutani, kama anayetaka maoni ya pili.

"Nilikiazimisha," akasema. "Na mimi sasa hivi nipo safarini."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ofisini kwake.

"Sawa," Sikudhani akasema.

*

Siku nzima ya Jumatano aliimaliza stoo, kwenye tasnifu za zamani. Hakuwa na matumaini. Alikuwa na ufunguo tu. Akaanza na ya Profesa Kinguru mwenyewe. Profesa alikuwa ameandika, "Tundwe, kama alivyonukuliwa na Mgaya." Akamtafuta Mgaya. Mgaya alikuwa ameandika, "Tundwe, kama alivyonukuliwa na Kibasila." Kibasila alimpata kwa Lupembe, Lupembe kwa Shomvi, na Shomvi, mtu muungwana, aliandika "kama inavyojulikana na wote". Akapanda hivyo hivyo, daktari mgongoni kwa daktari, watu kumi na saba, mpaka akafika kwa wa kwanza kabisa, Daktari Kasongwa wa mwaka 1979. Na huyu hakuwa na "kama alivyonukuliwa". Huyu alikuwa na Tundwe peke yake, mkavu.

Sikudhani akafungua ukurasa wa shukrani. Hakuna mtu anayesoma shukrani za mwenzake, labda mke aangalie kama yumo. Daktari Kasongwa alimshukuru Mungu, akamshukuru baba yake, akaishukuru baiskeli yake. Mwisho akasema: "Namshukuru pia ndugu S. Tundwe wa kantini, ambaye maneno yake niliyasoma ukutani kila asubuhi nikiwa kwenye foleni ya uji."

Akaisoma mara tatu, amesimama. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye aliifunga tasnifu, akaifuta vumbi kwa kiganja, akairudisha ilipokuwa. Halafu akateremka kantini.

"Tundwe?" mpishi wa sasa akasema, anageuza chapati. "Bi Siwema? Si huyo hapo, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, mlango wa bluu. Ukienda mwambie mwiko wake mimi sijauchukua."

*

"Hodi."

"Karibu. Kama ni sensa nimeshahesabiwa."

"Siyo sensa. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Pita, usikanyage mihogo."

Bi Siwema Tundwe alikuwa na miaka sabini na nane, mnene kiasi, mikono mikubwa ya mtu aliyebeba masufuria. Amekaa chini anamenya mihogo bila kuitazama, kwa kupapasa. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu.

Sikudhani akamweleza. Alijaribu kueleza kwa kifupi, lakini miaka kumi na moja haina kifupi. Bibi alisikiliza, kisu kinakwenda.

"Nakumbuka," akasema. "Si niliandika! Wale wasomi, mwanangu, we! Wana njaa wale! Asubuhi hawajasema hujambo wanagonga sahani na vijiko, ngwa, ngwa, ngwa. Siku moja mmoja akanivutia sufuria, uji ukanimwagikia hapa." Akanyoosha mkono. Kovu lilikuwepo, refu. "Nikachukua karatasi nikaandika: asiye na subira akapike kwake. Nikatia jina wajue aliyesema nani. Na mwaka nikatia, maana pale kila kitu kilikuwa kimetiwa mwaka, hata ndoo."

"Bibi, maneno hayo yamenukuliwa mara elfu arobaini na moja, mia tatu na sita."

"Na nani?"

"Na madaktari."

"Kwa nini?"

Sikudhani akafungua mdomo. Swali lile lilikuwa kwenye jalada la tasnifu yake, sehemu ya mwisho kabisa ya mada, na katika miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Sijui," akasema.

"Na ndiyo unayosomea?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na hujui."

"Sijui, bibi."

Bi Siwema akaacha kumenya. Akamtazama kwa yale macho ya ukungu, au akatazama pale sauti ilipotokea.

"Na wao wanasemaje kuhusu hicho ulichoandika?"

"Wanasema kina uzito mzuri. Kilo mbili na robo tatu. Kiwango ni mbili na nusu."

"Ehe," bibi akasema. "Kula muhogo kwanza."

*

Ijumaa saa nne asubuhi walipita mbele ya maktaba, Sikudhani amemshika bibi mkono. Pale mbele pana sanamu ya shaba ya Tundwe, ndevu mpaka kifuani, miwani, kidole kimeelekezwa mbinguni.

"Huyu nani?" Bi Siwema akauliza, anaipapasa.

"Ni wewe."

Bibi akapapasa ndevu. Akarudia.

"Hee," akasema. "Hata mume wangu hakuwa nazo."

Ukumbini jopo lilikuwa limeshakaa, mizani mezani, na harufu ya pilau inaingia madirishani kutoka nje, maana utetezi usio na pilau hautambuliki. Mwenyekiti alikuwa Daktari-Daktari Kapalata. Aliitwa mara mbili kwa sababu alizipata mbili, na ukimwita mara moja alikuwa anasubiri ya pili. Akasimama kufungua.

"Ndugu wajumbe. Leo tunakutana chini ya kivuli cha gwiji. Mtu aliyelala, lakini mawazo yake hayajalala. Marehemu Profesa Tundwe alikuwa baba wa uzamivu wetu! Alikula kidogo, akalala kidogo, akaandika sana! Mimi binafsi kitabu chake nakiweka chini ya mto, na nikiamka, wajumbe, kichwa kinauma kwa maarifa! Tusimame dakika moja kumkumbuka."

Wakasimama. Bi Siwema naye akasimama, kwa heshima ya huyo marehemu.

"Mtahiniwa," Mwenyekiti akasema walipokaa. "Kitabu kiko wapi?"

"Sikukileta, Mwenyekiti," Sikudhani akasema. "Hakikuandikwa. Nimemleta mwandishi."

Kama angesema kaleta chui wangetulia zaidi. Bwana Mbwilo aliangusha rula. Profesa Kinguru akaruka, safari yake ikaishia pale pale.

"Haiwezekani! Tundwe ni mwanamume! Mimi nimeandika wasifu wake! Mimi nilikuwa mwanafunzi wake! Aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake: Kinguru, usiharakishe!"

Bi Siwema akageuza kichwa taratibu kuelekea ile sauti.

"Kinguru," akasema. "Si wewe uliyekuwa unarudi kwenye foleni mara ya pili umevaa kofia, tusikujue?"

Profesa akajishika kichwani, kama anatafuta kofia.

"Nilikuambia usiharakishe," bibi akaendelea. "Uji ulikuwa wa moto. Ukaungua ulimi, ukakaa siku mbili huongei. Wenzako walifurahi."

Profesa Kinguru akakaa chini pole pole. Usoni kwake kuna kitu kilipita, cha zamani sana, na ulimi ukaonekana kidogo kati ya meno, kama unajikagua.

"Ni yeye," akasema.

*

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kama huyu siye Tundwe, kitabu hakipo na Waziri kasema uongo. Kama ndiye, kitabu bado hakipo, na taifa zima limekuwa likiongozwa na tangazo la uji. Jopo likanong'ona. Mjumbe mmoja akapendekeza bibi atangazwe kwamba ni mfano tu. Mwingine akapendekeza aulizwe kama anaweza kuandika kitabu chenyewe sasa hivi, kifupi, halafu kitiwe mwaka 1974. Saa tano na nusu. Sikudhani alikuwa anatazama mizani. Mshale wake ulikuwa unacheza kidogo kila feni ikipita, na alikuwa anawaza kwamba koti la kaki angalau lina mifuko.

Bwana Mbwilo ndiye aliyeokoa jahazi. Akafungua kitabu cha kanuni, akapaka mate kidole.

"Kanuni ya Tisa!" akapaza sauti. "Mwandishi Mwenye Ushawishi, endapo atakuwa hai, ndiye atakayekuwa mtahini wa nje wa tasnifu yoyote inayomnukuu, na hukumu yake ni ya mwisho! Haijawahi kutumika, Mwenyekiti, kwa sababu wote walikuwa wamefuata utaratibu wakafa. Bibi huyu hakufa. Ni mtahini! Akisaini kwamba mtahiniwa amefaulu, basi tasnifu imepita pamoja na tanbihi zake, na kitu kilichopitishwa na Tundwe mwenyewe kitasemaje kwamba Tundwe hapatikani? Tanbihi inajifuta yenyewe!"

Wajumbe wakapiga makofi. Mmoja alilia. Mwenyekiti akampa Bwana Mbwilo mkono, kisha akampa tena.

"Na asiposaini?" akauliza mjumbe wa mwisho mezani, asiyependwa na watu.

"Asiposaini, mtahiniwa anakwenda Benchi," akasema Bwana Mbwilo. "Lakini kwa nini asisaini? Ni kusaini tu. Pilau inapoa."

Wakamsogezea bibi kiti cha kuzunguka, fomu na kalamu. Tasnifu wakaiweka kwanza kwenye mizani, wote wakaangalia: kilo mbili na robo tatu. Wakaguna kwa kuridhika. Profesa Kinguru akainama sikioni kwa Sikudhani, sauti imelegea.

"Hongera, Daktari," akasema. "Unaona? Subira."

"Sawa," Sikudhani akasema. Alilisikiliza neno lile, Daktari, likashuka mpaka chini. Halikugonga kitu. Akafikiria joho dirishani: akilitoa, itabidi anunue pazia.

"Hapa, mama yetu," Mwenyekiti akasema, anaelekeza kidole cha bibi kwenye mstari. "Jina tu. Ukipenda na mwaka."

Bi Siwema hakushika kalamu. Alinyoosha mikono miwili, akaichukua tasnifu kutoka kwenye mizani, akaipakata. Akaipima kwa mapaja. Akapitisha kidole gumba pembeni ya kurasa, frrrr, kama anayehesabu chapati.

"Mnataka niseme imeiva."

"Ndiyo, mama."

"Nyinyi mmeionja?"

Feni ikazunguka. Mjumbe mmoja akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Profesa Kinguru akatazama dari. Daktari-Daktari Kapalata akakohoa mara mbili.

"Wewe?" bibi akamgeukia Bwana Mbwilo.

"Mimi nimeihesabu," Bwana Mbwilo akasema kwa sauti ndogo.

"Miaka ishirini na nne nimekaa pale kantini," Bi Siwema akasema. "Sijawahi kuteremsha sufuria sijaionja. Hata siku niliyokuwa na homa. Niteremshe leo, nimeshazeeka, mbele ya watu?" Akaifungua ile tasnifu, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akairudisha mapajani. "Ila macho hayaoni. Haya maandishi yenu madogo kama chawa."

Bwana Mbwilo alikuwa anapekua kanuni kwa haraka, na uso wake ukabadilika rangi. Maana ile Kanuni ya Tisa ilikuwa na kifungu cha pili, na kifungu cha pili kilisema mjumbe yeyote haruhusiwi kutoka ukumbini wakati mtahini wa nje bado anaifanyia kazi tasnifu. Kurasa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Mmoja akaanza kunyanyuka, akavutwa koti.

Bibi akapapasa mkono wa Sikudhani, akaupata. Akaurudishia ule mzigo wote, kilo mbili na robo tatu, kisha akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana, akakunja kanga yake vizuri mapajani kama mtu anayekaa kula.

Na Sikudhani akakumbuka ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Hamira vijiko vitatu, kwa kilo moja ya unga. Huyu angejua. Huyu, katika watu wote wa nchi hii, angemsimamisha pale pale. Kitu kikamjia mpaka mlangoni, na safari hii hakikurudi. Ilimchukua muda kukitambua, kwa sababu hakikuwa kimepita njia ile kwa miaka mingi. Alikuwa anaogopa.

"Mwanangu," Bi Siwema akasema, "naomba unisomee. Yote. Anza na jalada."